Usinunue urefu, nunua mizizi: Safari ya mti wa kijani hadi uani kwako

Panda daladala Mwenge uelekee Bunju, ukae dirishani. Ukishapita Lugalo, katikati ya maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi wa mageti na wauza matofali, kijani kinaanza kujitokeza kandokando ya Barabara ya Bagamoyo. Miashoki imesimama wima kama askari wa gwaride. Fikasi zimekatwa duara kama mpira. Pembeni kuna mivinje, arokaria na mitende ya mapambo, yote ikiwa ndani ya viriba vyeusi na ndoo za rangi zilizokwisha kazi.

Hivi ni vitalu vya barabarani, maduka yasiyo na mlango. Asubuhi vijana wanamwagilia kwa ndoo, mchana wanapakia miche kwenye guta na kirikuu, na jioni wateja wanaotoka kazini wanaegesha magari na kuanza kuulizia bei.

Wateja wengi ni familia zilizohamia kwenye nyumba zao huko Goba, Madale, Salasala, Boko na Bunju. Baada ya miaka ya kujenga kidogo kidogo, nyumba imekamilika na ukuta umesimama, lakini ua ni mchanga mtupu unaowaka jua kuanzia saa nne asubuhi. Watoto wanashinda ndani mbele ya televisheni kwa sababu nje hakuna pa kukaa. Mama anataka kivuli, baba anataka nyumba ipendeze, na wote wawili wanataka vipatikane haraka.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Katika vitalu hivi bei hupanda kwa urefu. Mti unaofika kiunoni ni bei hii, unaompita mtu kichwani ni mara kadhaa ya hiyo. Familia hujibana ikanunua mirefu, ikaipanda siku hiyo hiyo, ikapiga picha. Baada ya wiki chache majani yanaanza kukauka kwenye ncha, kisha mti mzima unageuka kahawia. Jirani aliyenunua miche mifupi kwa bei ndogo anaendelea kumwagilia ya kwake, ikiwa hai.

Si uchawi, wala si suala la mkono wa mtu kuwa mzuri au mbaya. Sababu iko chini ya udongo.

Mti usio na likizo

Miti inayodumu kijani mwaka mzima, kama mwashoki, mvinje, fikasi na arokaria, haipukutishi majani yote kwa wakati mmoja kama mbuyu unavyofanya wakati wa kiangazi. Mbuyu ukikosa maji huacha majani yake na kupumzika. Mti wa kijani hauna likizo hiyo. Majani yake hupoteza maji kila siku ya jua, na mizizi inatakiwa kuyafidia kila siku.

Kazi ya kunyonya maji hufanywa zaidi na mizizi membamba kama nyuzi, na hiyo ndiyo inayokatika mti unapong'olewa au kiriba kinapovutwa kwa nguvu. Mti uliohamishwa unakuwa kama mgonjwa aliyetokwa na damu nyingi halafu akaambiwa arudi kazini kesho yake. Kadiri ulivyo mrefu, ndivyo ulivyo na majani mengi yanayodai maji kutoka kwenye mizizi michache iliyobaki. Mche mfupi una deni dogo. Unatulia mapema na kuanza kukua, na baada ya miaka michache unaweza kuupita ule mrefu ulionusurika kwa shida.

Kwa hiyo anayekwenda kununua mti wa mapambo aanze kuukagua chini, ndipo apande juu.

Kabla ya kutoa pesa

Kwanza, inua kiriba. Kama kinainuka kwa urahisi, vizuri. Kama kimeng'ang'ania ardhini, mizizi imeshatoboa chini na kuingia kwenye udongo wa barabarani. Muuzaji atakivuta, mizizi itabaki pale, na wewe utaondoka na majani.

Pili, linganisha kimo na kiriba. Mti unaompita mtu mzima ndani ya kiriba kinachotosha kubebwa kwa mkono mmoja umekaa humo muda mrefu. Mara nyingi mizizi yake imejizungusha kama kamba ndani ya ndoo, na hata ukipandwa inaweza kuendelea kuzunguka hivyo hivyo, ikashindwa kushika ardhi na hata kulibana shina.

Tatu, tikisa shina taratibu. Likicheza huku udongo umetulia, huenda mti ulihamishiwa kwenye kiriba hicho juzi na bado haujashika.

Nne, uliza mti ulikuwa umewekwa wapi. Uliokulia chini ya wavu wa kivuli ukiupeleka moja kwa moja kwenye jua la Bunju, majani yataungua. Ukifika nyumbani uweke mahali penye kivuli, kisha uuongezee jua kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili kabla ya kuupanda.

Mti gani kwa ua gani

Dar es Salaam ni jiji moja lenye udongo wa kila namna. Kunduchi, Mbweni na Kigamboni karibu na bahari ni mchanga mwepesi na upepo wa chumvi. Huko mvinje unajiweza, kwa kuwa mizizi yake inashirikiana na bakteria wanaoutengenezea naitrojeni hata kwenye mchanga usio na rutuba. Wengi huufananisha na msonobari, lakini vile vinavyoonekana kama sindano ni vijiti vyembamba vyenye vifundo. Majani yake halisi ni madogo mno, yamejipanga kwenye kila kifundo.

Mwashoki, unaoonekana kwenye viwanja vya shule na ofisi nyingi, asili yake ni India na Sri Lanka. Jina umeliazima kwa mti mwingine wa India unaoheshimiwa katika dini, ashoka wenye maua ya rangi ya machungwa na nyekundu. Sifa ya mwashoki ni kukua wima bila kutanuka, hivyo unafaa kando ya ukuta kwenye kiwanja kidogo. Hata hivyo, kwa umbo hilo kivuli chake ni chembamba. Anayetaka watoto wakae chini ya mti mchana apande mti unaotanua matawi, mathalani mwembe au mwarobaini. Nayo ni ya kijani, japokuwa haipewi nafasi ya mbele kwenye vitalu vya mapambo.

Arokaria ni mti ambao wengi huuita mti wa Krismasi. Kwenye kiriba unafaa kuwekwa sebuleni, lakini kwao, kisiwa cha Norfolk katika bahari ya Pasifiki, hufikia mita 50 na zaidi. Usiupande chini ya nyaya za umeme wala hatua tatu kutoka dirishani.

Fikasi nayo inadanganya. Ikiwa imekatwa duara inaonekana mpole, lakini mizizi yake hutafuta maji kwa nguvu. Hupasua ukuta, huinua pevingi na kuingia kwenye mabomba na makaro ya choo. Karo likipasuka katika kiwanja chenye kisima, tatizo la bustani linageuka kuwa tatizo la maji ya kunywa. Kama ni lazima uwe nayo, iache kwenye chungu kikubwa, au iwe mbali kabisa na karo, kisima na msingi wa nyumba.

Familia isiyo na uhakika itenge asubuhi moja ya Jumamosi kwenda Bustani ya Mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa, katikati ya jiji. Ilianzishwa mwaka 1893 enzi za Wajerumani kwa ajili ya kujaribu mazao na mimea iliyoletwa kutoka nje. Mtoto atauona mti ukiwa mzee, na mzazi ataelewa kwamba kile anachokiona kwenye kiriba ni mtoto mchanga.

Uzuri wenye sumu

Kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa kwenye vitalu: mtoto akitafuna jani la mti huu, itakuwaje?

Olianda, yenye majani membamba marefu na maua ya waridi au meupe, ni kijani mwaka mzima na huvumilia ukame, ndiyo maana inapendwa kwa uzio. Majani, maua, matawi na mbegu zake vyote vina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Ndugu yake, thevetia, ana maua ya manjano mfano wa tarumbeta na matunda ya kijani yanayogeuka meusi yakiiva. Watoto huyaokota na kuyachezea. Kokwa lake ndilo lenye hatari kubwa.

Mnyaa, uliozoeleka kama wigo katika vijiji na mitaa mingi, una utomvu mweupe unaochoma ngozi. Ukiingia jichoni unaweza kuleta maumivu makali na kuathiri uwezo wa kuona. Fikasi pia hutoa utomvu unaowawasha baadhi ya watu.

Nyumba yenye mtoto wa umri wa kuweka kila kitu mdomoni haihitaji olianda wala thevetia. Kama umeikuta kwenye nyumba ya kupanga, zungumza na mwenye nyumba, na wakati mkisubiri, okoteni matunda kila siku. Mtoto akila sehemu ya mmea unaoushuku, usimlazimishe kutapika na usipoteze muda kumnywesha maziwa. Toa mabaki mdomoni, chukua tawi la mmea huo na umuwahishe kituo cha afya. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa takriban dakika 15, kisha nenda hospitali.

Siku ya kupanda

Majira mazuri kwa Pwani ni mwanzo wa masika, mwezi Machi au mara mvua zinapotulia kunyesha, kwa kuwa mti unapata wiki nyingi za unyevu kabla ya kiangazi. Wakati wa vuli pia inawezekana, lakini mti utakutana na jua la Januari na Februari ukiwa bado mchanga. Chagua siku ya mawingu, au anza saa kumi jioni.

Chimba shimo siku kadhaa kabla. Kwa mche wa kawaida, futi mbili kwa futi mbili hutosha. Kanuni ni kwamba upana uwe mara mbili au tatu ya upana wa kiriba, na kina kisizidi sana kimo cha kiriba. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Jaza shimo maji. Yakibaki hadi kesho yake, hapo panatuama, na mizizi itaoza. Tafuta mahali pengine au inua tuta.

Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, ile isiyo na joto wala harufu kali. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Mwagilia mche jana yake ili udongo ushikamane. Chana kiriba pembeni kwa wembe na ukitoe chote. Kuna wanaozika mti na kiriba chake wakiamini kitaoza. Plastiki haiozi upesi hivyo, na mti hubaki kama aliyefungwa miguu. Ukiona mizizi imejizungusha, ikate kwa wima sehemu tatu au nne ili ielekee nje.

Uweke mti mahali ambapo shina linakutana na mizizi pawe sawa na uso wa ardhi. Ukilizika shina, gome litaoza. Rudisha udongo, shindilia kwa mkono bila kurukaruka juu yake, kisha mimina ndoo nzima ya maji. Kama upepo ni mkali, funga mti kwenye kigingi kwa kitambaa laini kilicholegea. Waya hukata gome. Mti ukishika, baada ya mwaka hivi, ondoa kigingi.

Wanaohusika na kazi hii wavae viatu na glavu. Bakteria wa pepopunda huishi kwenye udongo na samadi, na jeraha dogo la msumari uliosalia kutoka kwenye ujenzi linatosha kuwa mlango wao. Hakikisha chanjo za watoto zimekamilika, na watu wazima wasidhani chanjo ni ya wajawazito na watoto peke yao.

Kama mti ni mkubwa na uko ardhini

Wakati mwingine mti unapaswa kuhama ndani ya kiwanja kwa sababu chumba kinaongezwa au geti linapanuliwa. Hapa haraka ndiyo adui. Miezi kadhaa kabla, chimba mfereji kuzunguka nusu ya mti na ukate mizizi ya upande huo, kisha urudishie udongo na umwagilie. Baada ya wiki kadhaa fanya nusu ya pili. Mti utaotesha mizizi mipya membamba karibu na shina, nayo ndiyo utakayosafiri nayo.

Donge la udongo linalobebwa liwe na upana wa mara 10 hadi 12 ya unene wa shina. Shina la sentimita 5 linataka donge la sentimita 50 hadi 60, ambalo likiwa na unyevu linaweza kuzidi kilo 100. Hilo halibebwi na baba na kijana wake. Lifunge kwa magunia, liburute juu ya turubai au tafuta toroli na watu wanne. Migongo mingi imeumia kwa kazi ya nusu saa.

Mwaka wa kwanza

Baada ya kupanda ndipo kazi inapoanza, na ndipo hesabu ya familia inapojaribiwa. Mche mpya unahitaji lita 10 hivi kila mara, mara mbili au tatu kwa wiki pasipo mvua. Familia iliyopanda miashoki 10 kando ya ukuta, ikimwagilia mara tatu, inatumia lita 300 kwa wiki, sawa na madumu 15 ya lita 20. Mtaa ambao maji yanatoka kwa mgawo, hayo ni maji ya kufulia na kupikia. Ni heri miti mitatu inayotunzwa kuliko kumi inayokufa kwa zamu.

Maji ya kusuuzia nguo yenye sabuni kidogo yanaweza kusaidia, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo. Maji ya kisima onja kwanza. Kama yana chumvi, mti unaweza kuonyesha ncha zilizoungua hata ukiwa umeloa. Mwagilia taratibu hadi yazame. Kulowanisha juu juu kila siku huifanya mizizi ibaki karibu na uso wa ardhi, mahali pa kwanza kukauka.

Tandaza nyasi kavu au majani kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili lisioze na mchwa wasipate daraja. Miti iliyo kwenye vyungu, mwaga maji ya kwenye sahani za chini angalau mara moja kwa wiki. Mbu anayeeneza dengue hutaga kwenye maji kama hayo, na yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019, na mbu huyu huuma mchana, watoto wakiwa wanacheza.

Dawa ya kuua wadudu isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, anatazama chupa.

Mti ukipukutisha majani kiasi wiki za mwanzo usiung'oe. Kwaruza gome la tawi kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, mti uko hai. Yakikauka kuanzia kwenye ncha na udongo ni mkavu, una kiu. Yakigeuka manjano na kulegea huku udongo umeloa, umelishwa maji kupita kiasi. Usiongeze mbolea kwa mti mgonjwa. Unahitaji utulivu na kivuli kidogo.

Mambo haya hayana ugeni kwa aliyelea mtoto. Kliniki huhimiza siku 1,000 za mwanzo kwa sababu kinachoharibika hapo ni vigumu kurekebisha baadaye. Mti nao una msimu wake wa mwanzo, na ukipita salama huomba kidogo mno kwa miaka mingi inayofuata.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa kitaluni, kaeni kama familia mjibu swali moja: mwezi Januari, shule zikifunguliwa, dada wa kazi akiwa likizo na bomba likitoa upepo, nani atabeba ndoo? Mkipata jina, rudini Barabara ya Bagamoyo mchukue mche mfupi wenye mizizi mizima. Mkilikosa, subirini masika yajayo.